Mboga za Masika, Kitoweo cha Kiangazi

Mboga iliyochumwa bado ni kiumbe hai. Mchicha ukiwa kapuni, kitunguu kikiwa guniani na kiazi kikiwa stoo, vyote vinaendelea kupumua: vinavuta hewa, vinaunguza sukari iliyomo ndani yake, na vinatoa joto pamoja na mvuke wa maji. Shambani upungufu huo wa sukari na maji ulifidiwa na mizizi na mwanga wa jua. Baada ya mavuno hakuna cha kuufidia. Mboga huanza kula akiba yake yenyewe, na akiba ikiisha hunyauka, hupoteza rangi, kisha huoza. Kuhifadhi mboga ni kuifanya akiba hiyo idumu.

Katika nyumba zisizo na umeme, au zenye umeme wa kukatika, kazi hiyo hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha mboga iendelee kuishi, ila polepole: ipumue kidogo, isipoteze maji, isijeruhiwe. Ya pili ni kuusimamisha uhai wake kabisa, kwa kuiondolea maji au kuitia chumvi na uchachu, hata vijidudu vya kuozesha vikose mahali pa kukaa. Kila zao lina njia linayoikubali. Vitunguu hudumu vikiwa hai na vikavu. Majani ya kunde hudumu yakiwa yamekaushwa. Nyanya mbivu haidumu ikiwa hai zaidi ya siku chache. Mengi ya mazao yanayoozea majumbani huoza kwa sababu yamewekwa yote pamoja, mahali pamoja, kana kwamba yote ni kitu kimoja.

Maadui wa mboga hai ni wanne. Wa kwanza ni joto. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua kwa mboga huongezeka mara mbili hivi, na pengine mara tatu. Fungu la matembele lililoachwa juani kwa saa chache hupoteza uhai ambao kivulini lingeutumia kwa siku nzima. Wa pili ni maji, kwa kupungua na kwa kuzidi. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wa nyanya ni maji, na majani mengi ya mboga hayako mbali na hapo; jani likipoteza sehemu ndogo tu ya maji hayo hulegea na kupoteza thamani. Lakini maji yakitulia juu ya ngozi ya mboga, ukungu na bakteria huota. Wa tatu ni jeraha: kila mchubuko ni mlango wa vimelea. Wa nne ni hewa ya ethilini, ambayo matunda yanayoiva, kama ndizi, maembe, mapapai na nyanya, huitoa yenyewe. Hewa hiyo huharakisha kuiva kwa matunda mengine na kuyageuza majani kuwa ya njano. Kwa hiyo ndizi mbivu haziwekwi kapu moja na mchicha.

Uhifadhi huanzia shambani. Mboga za majani zinazokusudiwa kuliwa mbichi huchumwa alfajiri au asubuhi mapema, wakati zimejaa maji ya usiku na bado zina ubaridi. Zile zitakazokaushwa husubiri kidogo hadi umande ukauke. Nyanya zinazotakiwa kukaa huchumwa zinapoanza kupiga rangi, kabla hazijawa nyekundu kabisa, na hupangwa kwenye tabaka chache ili za juu zisizikandamize za chini. Viazi na vitunguu vya kuwekwa ghalani havioshwi. Udongo uliokauka hupukutishwa kwa mkono, kwa maana maji huingia kwenye mikwaruzo yakiwa na vimelea ndani yake. Kisha huja uchambuzi, na hapa mkono hautakiwi kuona haya: kilichokatwa na jembe, kilichotobolewa na mdudu au kilichopasuka hupelekwa jikoni siku hiyohiyo. Ghala hupokea kizima peke yake.

Ghala la kwanza, na la bei nafuu kuliko yote, ni ardhi yenyewe. Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani katika muda wa siku mbili au tatu. Mistari ya bluu na ya kahawia hutokea kwenye nyama yake. Ukiachwa ardhini hukaa kwa miezi, na baadhi ya aina hukaa zaidi ya mwaka baada ya kukomaa, ingawa huongezeka nyuzi na kuwa mgumu. Ndiyo maana kaya nyingi huchimba shina moja au mawili kila linapohitajika. Viazi vitamu navyo huchimbwa kidogo kidogo, kikubwa kikitolewa na kidogo kikiachwa kinenepe. Karoti zilizokomaa huweza kusubiri kwa wiki kadhaa katika maeneo ya baridi.

Hata hivyo, ghala hili lina kikomo. Kiangazi kikikaza, udongo hupasuka, na fukusi wa viazi vitamu hupenya kwenye nyufa na kutaga mayai kwenye kiazi. Kiazi kilichoshambuliwa hutengeneza kemikali chungu zinazokifanya kisifae kwa binadamu wala kwa mifugo. Dawa yake ni kupandishia udongo kwenye matuta mara nyufa zinapoonekana, na kuvuna kilichosalia kabla ya joto kali. Mchwa, panya, ngedere na nguruwe pori nao wana hesabu yao, na kila kaya hujua shamba lake liko karibu na nani.

Kwa mboga laini, zile zinazokufa kwa kiu, ghala linalofaa ni lile linalopozwa na maji. Watu wa pwani na wa bara wamekunywa maji baridi ya mtungi kwa karne nyingi, na siri ya mtungi ndiyo siri ya jokofu lisilo na umeme. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kuziba una vitundu vidogo. Maji hupenya, hufika nje na kugeuka mvuke. Kugeuka mvuke kunahitaji joto, na joto hilo huchukuliwa kutoka kwenye chombo na kilichomo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto linalotosha kuchemsha lita saba hivi za maji zilizoanza na nyuzi 20.

Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliijenga juu ya kanuni hiyo njia iliyompatia tuzo ya Rolex mwaka 2000. Aliwasambazia wakulima wa jimbo la Jigawa, kaskazini mwa nchi hiyo, chungu kidogo kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, na katikati yake mchanga uliolowa. Mboga huwekwa kwenye chungu cha ndani na kufunikwa kwa kitambaa kibichi. Katika matumizi ya Jigawa, bilinganya zilizokuwa zikiharibika ndani ya siku tatu ziliripotiwa kukaa siku 27, na nyanya na pilipili wiki tatu na zaidi.

Mtu yeyote mwenye vyungu viwili anaweza kutengeneza kifaa hicho. Chungu kikubwa hakipakwi rangi wala kung'arishwa kwa nje. Chini yake hutandazwa mchanga safi, chungu kidogo huketishwa juu yake, na nafasi ya pembeni, yenye upana wa vidole viwili au vitatu, hujazwa mchanga hadi karibu na mdomo. Mchanga huloweshwa asubuhi na jioni. Chombo huwekwa kivulini, juu ya kigoda au mawe matatu, mahali penye upepo. Upepo ndio unaochukua mvuke. Chungu kilichofungiwa chumbani hakipoi.

Familia yenye bustani kubwa huhitaji chumba zaidi ya chungu. Katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya India, mjini New Delhi, watafiti Susanta Roy na D. S. Khurdiya walibuni mapema katika miaka ya 1980 kizimba cha matofali kisichotumia nishati yoyote. Kuta zake ni mbili, na kati yake kuna nafasi ya sentimita 7.5 iliyojazwa mchanga. Mchanga na matofali hunyweshwa maji mara mbili kwa siku, juu kuna kifuniko cha nyasi au mianzi, na kizimba chote hujengwa chini ya paa la kivuli. Afrika Mashariki namna inayojulikana zaidi ni banda la mkaa: fremu ya mbao, wavu wa kuku ndani na nje, na kati ya nyavu hizo sentimita 10 hivi za mkaa. Mkaa hushika maji mengi na kupitisha hewa, kwa hiyo bomba lenye matundu likipita juu ya kuta na kudondosha maji taratibu, banda lote hupoa. Mkaa wa kazi hiyo hununuliwa mara moja ukatumika kwa miaka. Hata vipande vidogo visivyouzika kwa kupikia vinafaa.

Vifaa hivi hutegemea sana ukavu wa hewa. Katika kiangazi cha Dodoma, Singida, Garissa au Turkana, maji hugeuka mvuke kwa kasi, na ndani ya chungu joto laweza kuwa pungufu kwa nyuzi 10 kuliko nje wakati wa mchana. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hewa imejaa unyevu karibu mwaka mzima, na chungu hichohicho hupoza kidogo tu. Faida inayobaki pwani ni unyevu wa ndani ya chungu, unaozuia majani yasinyauke kwa siku moja au mbili zaidi. Na popote kilipo, chungu cha mboga si mahali pa maziwa, nyama wala samaki. Vitu hivyo huhitaji baridi kali zaidi, na kuviweka humo ni kuhatarisha afya ya nyumba.

Kundi jingine la mazao halitaki unyevu hata kidogo. Vitunguu maji na vitunguu saumu hulindwa na maganda makavu, na kazi ya mkulima ni kuyasaidia maganda hayo yakauke vizuri. Umwagiliaji husimamishwa kama wiki mbili kabla ya kuvuna. Majani yakishaanguka katika nusu ya shamba au zaidi, vitunguu hung'olewa na kutandazwa kivulini penye upepo kwa wiki moja au mbili, hadi shingo ikaze na isitoe maji ikibonyezwa. Hapo ndipo majani hukatwa, ikiachwa shingo ya sentimita mbili au tatu. Kuikata karibu na kitunguu ni kufungua njia ya ukungu. Vitunguu vyenye shingo nene havikauki sawasawa, hivyo huliwa kwanza. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni ikiwekwa nyingi mwishoni mwa msimu huzaa shingo nene za namna hiyo, na vitunguu vinavyopendeza kwa ukubwa huishia kuoza mapema.

Ghala la vitunguu ni chanja zilizoinuliwa, zenye sakafu ya fito zinazopitisha hewa, chini ya paa lisilovuja. Rundo lisizidi kina cha sentimita 30. Wenye vitunguu vichache huvisuka kwa majani yake na kuvining'iniza darini, jambo linaloleta hewa pande zote. Mifuko ya plastiki haifai kamwe, kwa kuwa kitunguu kinapumua na jasho lake hukirudia. Aina ya mbegu nayo ina uamuzi wake: vitunguu vyekundu vyenye ladha kali na maganda mengi hukaa kuliko vile vikubwa, laini na vitamu. Vikiandaliwa hivyo, vitunguu vya aina nzuri hufika miezi miwili hadi minne.

Maboga yana tabia inayofanana na hiyo. Boga la kuwekwa ni lile ambalo ukucha hauwezi kupenya ganda lake, na huvunwa pamoja na kikonyo cha urefu wa kidole. Kikonyo kikivunjika, boga hilo ni la wiki hiyo. Maboga hupangwa juu ya chanja au majani makavu bila kugusana, na hukaa miezi miwili mitatu, na baadhi zaidi.

Viazi mviringo hudai giza. Wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, wakulima wa Njombe, Mbeya, Nyandarua na Meru hukata majani ya viazi ili ngozi ikaze ikiwa bado ardhini. Kiazi ambacho ngozi yake hutoka kwa kusuguliwa na kidole gumba hakijawa tayari kwa ghala. Ghala la nyanda za juu hutumia baridi ya usiku: matundu ya chini na ya juu hufunguliwa jioni ili hewa baridi ipite, na hufungwa asubuhi ili joto lisiingie. Kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu ya solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Sehemu ya kijani hukatwa kwa kina, na kiazi kilichogeuka kijani chote hutupwa. Viazi na vitunguu havilali chumba kimoja, kwani viazi hutoa unyevu unaoviozesha vitunguu. Aina pia huhesabiwa. Shangi, inayopendwa sana Kenya, huchipua mapema mno baada ya kuvunwa, hivyo anayeilima hupanga kuiuza au kuila mapema.

Mbegu za viazi hufuata kanuni iliyo kinyume. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao makuu Lima nchini Peru, kilieneza ghala la mwanga hafifu, ambamo mbegu hutandazwa tabaka mbili tatu kwenye rafu za wazi, mahali palipo na mwanga lakini pasipopigwa na jua. Mwanga huo huyafanya machipukizi yawe mafupi, manene na ya kijani, yasiyovunjika wakati wa kupanda. Kiazi cha namna hiyo ni mbegu tu na hakiliwi.

Viazi vitamu vina ngozi laini na hujeruhiwa kwa urahisi, lakini vina uwezo wa kuziba majeraha yake vikipewa nafasi. Kwa siku nne hadi saba baada ya kuvunwa, huwekwa mahali pa joto la karibu nyuzi 30 na penye unyevu, vikiwa vimefunikwa kwa magunia au nyasi. Ngozi mpya hujijenga juu ya mikwaruzo. Kisha hushushwa kwenye shimo lililochimbwa mahali palipoinuka, chini ya kivuli, ambapo maji ya mvua hayafiki. Shimo hutandikwa nyasi kavu, viazi hupangwa kwa tabaka, na kila tabaka hufunikwa kwa mchanga mkavu au majivu. Juu hujengwa kipaa cha nyasi chenye upenyo wa hewa. Mchanga mkavu hutumika pia kutunzia mbegu: katika maeneo yenye kiangazi kirefu, viazi vidogo visivyo na fukusi hulazwa mchangani hadi wiki sita au nane kabla ya mvua, kisha huhamishiwa kwenye kitalu na kumwagiliwa vitoe marando ya kupanda. Marando hayo huwa tayari mvua ya kwanza inapoanguka.

Njia ya pili ya kuhifadhi, ya kuusimamisha uhai wa mboga, ina historia ndefu katika Tanzania ya kati na ya magharibi, ambako mvua hunyesha katika msimu mmoja na miezi sita au zaidi hupita bila tone. Wagogo wa Dodoma hukausha mlenda na kuutwanga kuwa unga. Usukumani na Unyamwezini majani ya kunde hukaushwa kuwa nsansa. Viazi vitamu vilivyokatwa vipande vibichi na kuanikwa huitwa michembe, na vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, watu wa Teso nchini Uganda wana amukeke, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa kwa njia inayokaribiana na ya michembe. Muhogo uliomenywa na kuanikwa ni makopa. Mbinu hizi zilivusha vizazi vya watu kwenye kiangazi na kwenye miaka ya njaa. Zinastahili kufundishwa shuleni na kuboreshwa majumbani, kwa kuwa kila inachokihitaji mboga ili ikauke, yaani jua na hewa kavu, kipo bure.

Kukausha kunalenga kuufikisha unyevu wa mboga chini ya asilimia 10. Hapo bakteria na ukungu hawawezi kukua. Kilo 10 za majani mabichi huacha kilo moja hivi ya majani makavu, na mzigo wa kapu kubwa huingia ndani ya ndoo ndogo.

Kazi huanza kwa kuosha kwa maji safi, kisha kuchambua na kukatakata. Majani ya kunde, ya maboga, mchicha, mgagani na matembele hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja hadi tatu, yakatolewa na kuingizwa mara moja kwenye maji baridi, kisha yakachujwa. Hatua hii huua vimeng'enya vinavyoendelea kuharibu rangi, ladha na vitamini hata baada ya jani kukauka, na hupunguza vijidudu. Bamia hukatwa vipande vyembamba. Nyanya hupasuliwa vipande na kunyunyiziwa chumvi kidogo, sehemu iliyokatwa ikitazama juu. Vitunguu, hoho na bamia havilazimiki kuchovywa kwenye maji ya moto.

Vipande hutandazwa tabaka moja kwenye chanja yenye wavu, iliyoinuliwa hadi kiunoni, mbali na vumbi la barabara, kuku na mbuzi. Kitambaa chepesi au chandarua safi hufunika juu kuzuia nzi. Jua kali la moja kwa moja hukausha haraka lakini huharibu karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa hiyo majani ya kijani hukaushwa vizuri zaidi kivulini penye upepo mkavu, au chini ya kitambaa cheusi. Jioni chanja huingizwa ndani ili umande usirudishe maji yaliyoondoka mchana.

Palipo na nguvu ya kutengeneza, kikaushio cha jua hurahisisha kazi yote. Ni sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo au nailoni angavu, sakafu iliyopakwa rangi nyeusi, matundu ya hewa chini upande mmoja na juu upande wa pili, na trei za wavu katikati. Hewa huingia ikiwa ya kawaida, hupata joto, hupanda ikipita kwenye mboga na kutoka ikiwa na mvuke. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 45 na 60. Likizidi, vipande vinene huwa vigumu nje huku ndani vikibaki na maji, na vipande hivyo huota ukungu baada ya wiki chache ingawa kwa kuvitazama vilionekana vikavu.

Majani yaliyokauka sawasawa husagika yakifinywa kiganjani. Bamia huvunjika. Nyanya huwa kama ngozi, hazitoi maji zikibanwa. Baada ya kupoa, mboga huwekwa kwenye chupa au ndoo yenye mfuniko unaokaza, na kwa siku tatu au nne huchunguzwa kila asubuhi. Matone yakionekana ndani ya chombo, unyevu bado upo na mboga hurudishwa kwenye chanja. Chombo hutunzwa gizani, mbali na moshi na mafuta ya taa. Mboga iliyokauka vizuri hukaa miezi sita hadi mwaka. Vitamini C nyingi hupotea katika safari hiyo, lakini madini, protini na sehemu nzuri ya karotini hubaki. Kipande cha embe au cha chungwa mezani huziba pengo la kwanza. Majani makavu huloweshwa kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kupikwa, na hukubaliana sana na karanga zilizosagwa au tui la nazi.

Chakula kikavu chenye ukungu hakisafishwi kwa kupangusa wala kwa kuanikwa upya, kwa sababu baadhi ya ukungu huacha sumukuvu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Muhogo mchungu unahitaji uangalifu wa pekee. Kuuanika ukiwa mzima hakuondoi sumu yake vya kutosha. Hulowekwa au kuvundikwa kwa siku kadhaa kwanza. Wakati wa ukame wa mwaka 1985 wilayani Tarime, watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Njaa iliwafanya wapunguze siku za kuandaa. Funzo hilo linabaki kuwa muhimu kila mwaka wa mvua haba.

Chumvi na uchachu hukamilisha orodha ya njia. Kabichi iliyokatwa nyembamba, ikipondwa na gramu 20 hadi 25 za chumvi kwa kila kilo, hutoa maji yake yenyewe. Ikikandamizwa ndani ya chombo cha udongo au cha kioo hadi maji yafunike kila kipande, bakteria wenye manufaa huigeuza sukari yake kuwa asidi, na asidi hiyo huilinda. Achari ya ndimu na ya embe mbichi, inayotengenezwa Zanzibar, Mombasa na Lamu, hutumia chumvi, ukali wa tunda, pilipili na jua. Karoti, hoho na vitunguu vidogo hukaa vizuri kwenye siki yenye asidi ya asilimia tano.

Kufunga mboga zisizo chachu kwenye chupa zilizochemshwa sufuriani ni hatari. Mbegu za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum hustahimili maji yanayochemka, na ndani ya chupa isiyo na hewa huota na kutengeneza sumu inayoua bila kubadilisha harufu ya chakula. Maharage mabichi, mchicha, karoti na bamia huweza kufungwa salama kwenye chombo maalumu cha mgandamizo kinachofikisha joto la karibu nyuzi 120, kwa muda uliopimwa. Kaya isiyo na chombo hicho ikaushe, itie chumvi au itie siki.

Njia zote hizi hufaa zaidi zinapopangwa kabla ya kupanda. Chukua mfano wa familia inayokula mboga za majani makavu mara nne kwa wiki katika wiki 20 za kiangazi, kila mlo ukihitaji gramu 60. Hiyo ni milo 80, na jumla yake ni karibu kilo tano za majani makavu, yaani kilo 50 hivi za majani mabichi. Matuta kadhaa ya kunde na mchicha, yakichumwa na kukaushwa kidogo kidogo kuanzia mvua zinapokolea hadi zinapokaribia kukatika, yanaweza kuufikisha mzigo huo bila kuchosha mtu. Utaratibu wa kula nao hufuata udhaifu wa zao: kwanza mboga za chunguni, kisha nyanya na mabilinganya, kisha maboga na viazi, halafu vitunguu, na mwisho kabisa vilivyokaushwa. Mara moja kwa wiki kila chanja, shimo na ndoo hukaguliwa, kilichoanza kulegea hutolewa na kupikwa siku hiyo, na kilichooza huondolewa kabla hakijaambukiza wenzake.